Saa Mliyonivisha

Barabara ya Mantila,
Pelkie, Michigan.
1 Desemba

Mpendwa mdogo wangu Taimi,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye theluji. Natumai barua hii itakukuta salama huko Florida, goti limetulia, na ule mchungwa wako uliokuwa unakusumbua umeamua kuzaa. Mimi ni mzima wa afya. Naomba uisome sentensi hiyo mara mbili, maana najua umeambiwa vingine.

Theluji mwaka huu imewahi. Imeshafika dirisha la banda la kuni, na jirani yangu Norma Perreault amekwisha kuanguka akienda kuchukua gazeti. Hakuumia popote ila kwenye heshima yake. Kuni ninazo za kutosha. Paka ni yule yule na bado hanipendi.

Barua yako ya Oktoba niliipata, asante, na picha ya ufukweni nimeibandika kwenye friji. Umeniuliza jambo moja nami nimekuwa nikilitafuna tangu hapo. Umesema daktari amekushauri upate saa janja ya kukuhesabia hatua na mapigo ya moyo, na wewe hujui uchague ipi, kwa kuwa pesa ni ya kubana na hutaki watu wakuchungulie mambo yako. Ukaandika, "Ile yako ni ya aina gani, dada? Inakufaa?" Nitakujibu. Lakini kwanza nikusimulie yaliyonikuta, kwa sababu jibu limo humo humo.

Saa ile nililetewa na mwanangu Dale, Siku ya Akina Mama. Mume wangu Arvid alikuwa hajamaliza hata nusu mwaka kaburini. Dale alikaa pale mezani, akaniomba simu yangu, akawa anabonyezabonyeza huku mimi nikimkatia mkate wa iliki. Nilimuuliza hayo yote yanakwenda wapi, huo moyo na usingizi na kila ninapokanyaga. Akanifunga saa mkononi mwenyewe, kama mimi nilivyokuwa nikimfunga kamba za viatu, akasema, "Mama, hii ni yako wewe tu. Hakuna mwingine anayeona." Nikamwamini. Sina mtoto mwingine, ningemwamini nani?

Akaniomba pia nisiivue, hata nikiwa naoga kwenye mvuke wa sauna, kwa kuwa wazee huteleza kwenye mbao zenye maji, na saa yenyewe haiogopi maji. Nikaona ana huruma. Basi kila Jumamosi jioni, mimi na Norma tunawasha jiko la sauna ya baba, mawe yanakolea moto, tunavua kila kitu na kuingia kwenye mvuke, mimi uchi kama siku niliyozaliwa isipokuwa saa. Norma alinicheka sana. Alisema nimekuwa kama bibi harusi anayeogopa kuibiwa pete.

Sasa nikuambie miezi ile ilikuwaje, Taimi, kwa maana uchungu wangu uko hapo. Ilikuwa miezi mizuri. Wewe uliyekuwa ukinipigia Krismasi na siku ya kuzaliwa, basi, ulianza kupiga kila mara. Nikikesha kwa sababu ya upepo, asubuhi ni wewe, unauliza kama nimelala. Nikitembea mpaka mtoni, jioni ni wewe, unauliza miguu. Na ile Jumatano ya Septemba nilikuwa makaburini kwa Arvid, nimekalia ndoo niliyoipindua, kahawa yangu kwenye chupa, simu ikalia mfukoni. Ukaniuliza tu kama nimevaa kitu cha joto.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba huwa nakwenda kule kila Jumatano kuongea na mume wangu. Hata Norma. Ulipokata simu nililia. Nikamwambia Arvid, unaona, damu ni nzito kuliko maji, mdogo wangu yuko huko mbali kote na moyo wake unajua nilipo.

Nitarudi hapo.

Dale na mkewe Renae walifika siku moja kabla ya kufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu, kama kila mwaka. Nilioka pasti, zile za mama za nyama na viazi, nikawatandikia chumba kilichokuwa chako. Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Bunduki imesimama pembeni mwa mlango, buti zimejaa ukumbini, nyumba ina watu tena.

Tulipomaliza kula Dale alisogeza sahani, akaanza kuzungumza nami kwa sauti ile ya mtu anayemtuliza ng'ombe wa kupeleka mnadani. Alisema amenipatia mahali pazuri wanapokaa wazee, kule kwao Green Bay, pana bwawa la kuogelea na watu wa rika langu. Chumba kimeshawekwa, naingia Januari. Nyumba hii iuzwe. Nilicheka, nikadhani ni utani wake wa msimu. Nikamwambia mimi nina afya kuliko yeye anayehema akipanda ngazi za kibarazani.

Ndipo akasema, "Mama, kila Jumamosi jioni moyo wako unakimbia mpaka unatisha. Tangu Mei. Wewe ni mgonjwa na hutaki kusema."

Nilimtazama Renae, ambaye alikuwa ameinamisha macho na kuanza kukwangua sahani isiyo na kitu. Nikamuuliza mwanangu, "Umejuaje, Dale?"

Aliigeuza simu yake kifudifudi mezani.

Basi akaeleza, kwa kujikunja kunja. Siku ile alipokuwa akibonyeza, hakuifungua saa kwa jina langu. Aliifungua kwa akaunti yake mwenyewe. Kila hatua yangu, kila pigo la moyo, kila usiku niliogaagaa kitandani, vimekuwa vikienda kwenye simu yake, na kabla ya kumfikia vinapita kwa kampuni iliyotengeneza saa, ambako nasikia vimekaa mpaka leo. Hata makaburini. Alikuwa na ramani, mdogo wangu, yenye mstari mwekundu kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa Arvid, Jumatano baada ya Jumatano. Alidhani napotea njia. Alidhani mama yake anazurura makaburini kwa kurukwa na akili.

Nikamwambia, "Jumamosi ni sauna, Dale."

Mtoto huyu amebeba kuni za sauna ile tangu hajui kufunga vifungo vya koti lake. Maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto, moyo wa nani haukimbii? Wa baba yake ulikimbia. Wa babu yake aliyeijenga kwa mikono yake ulikimbia kila Jumamosi mpaka mzee akavuka miaka tisini, na akafa kwa kuanguka kutoka juu ya paa, akipigilia misumari. Lakini Dale amekaa mjini mpaka Jumamosi imemtoka kichwani, akaona ugonjwa.

Nilidhani yataishia hapo, ataona haya, atacheka, tutakunywa kahawa. Kumbe bado. Mtu akibanwa hutoa hata asichokusudia kutoa. Akasema, "Si mimi peke yangu. Mama mdogo Taimi naye anaona, nilimuunganisha tangu Juni. Na nusu yake ya nyumba ameshakubali iuzwe."

Taimi.

Sitakuficha kitu. Dale aliniumiza, lakini wewe ndiye uliyenimaliza. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Nikiwa pale kwenye sinki nikaanza kuzitoa simu zako moja moja: ile ya usingizi, ile ya miguu, ile ya makaburini. Nilikuwa nimeziweka moyoni kama mtu anavyoweka akiba ya majira ya baridi. Kumbe hukunihisi. Ulikuwa unanisoma, umekaa kwenye kiti chako cha juani na simu mkononi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimenikaa mkononi, nami nikikifuta vumbi kila asubuhi.

Na bado ukachukua kalamu ukaniuliza saa yangu ni ya aina gani, na kama inanifaa! Ukaongeza kwamba wewe hutaki kuchunguliwa. Haki ya Mungu, nilipoisoma tena barua hiyo nilicheka mpaka paka akaona afadhali theluji.

Wewe ulizaliwa ndani ya sauna hiyo hiyo. Barabara ilikuwa imezibwa na theluji, pa kwenda hapakuwa, na pale ndipo palipokuwa na joto na maji safi. Nilikuwa mdogo, nimekaa jikoni mapajani kwa baba, tukasikia sauti yako kutoka uani. Mama alikuwa akisema kati yetu wewe ndiye uliyekuja duniani ukiwa umeshaoga. Na wewe pia umesahau Jumamosi? Uliona moyo wa dada yako unakimbia kila juma, jioni ile ile, na haikukupitia akilini kuuliza. "Verna, Jumamosi jioni huwa unafanya nini?" Hayo tu. Ningekujibu kwa kicheko, na usingetoa neno lako kuhusu nyumba ya baba nyuma ya mgongo wangu.

Saa niliivua pale pale, nikaiweka katikati ya sahani ya Dale, juu ya makombo. Hakuingia msituni. Waliondoka asubuhi ya siku ya kwanza ya msimu, na nina hakika walikuwa watu pekee katika wilaya nzima waliokuwa wakiendesha gari kuelekea mjini. Hajapiga simu tangu siku hiyo. Sikukuu ya Shukrani nilikula kwa Norma. Bata mzinga alikuwa mkavu kama ubao, lakini hilo libaki kati yetu, kama bado kuna kitu kinachobaki kati yetu.

Haya, sasa swali lako, maana niliahidi kukujibu.

Nilikuwa nimeshazoea kuhesabiwa hatua, na sikuona sababu ya kuadhibu miguu yangu kwa makosa yenu. Mimi na Norma tukaenda mjini Houghton. Ya kwanza tuliinunua kwa sababu ilikuwa chee, dola ishirini. Tukakaa mezani kwake kuiwasha. Kabla haijatuambia hata saa ngapi, ikataka jina langu kamili, tarehe ya kuzaliwa, majina ya watu wote waliomo kwenye simu, picha zangu, na ruhusa ya kusikiliza. Norma alivua miwani akasema, "Mwenzangu, hii si saa. Hii ni familia imekuja kuposa." Kesho yake tukairudisha. Kitu kikiwa chee kupita kiasi, mdogo wangu, jiulize kinakula nini. Ile ilikuwa ije kula habari zangu.

Mara ya pili sikuangalia bei kwanza. Nilimuuliza mwenye duka maswali mpaka akaanza kutazama mlango. Nilitaka kujua kama saa itafanya kazi bila mimi kufungua akaunti kwa mtu yeyote, na hapo nyingi zilianguka, hata zile za bei ya ng'ombe. Halafu kama vipimo vinakaa ndani ya saa yenyewe au vinasafiri kwenda kwa kampuni. Nikiikataza isijue nilipo, je, itaendelea kuhesabu hatua au itanuna? Na siku nikiichoka, naweza kufuta kila kitu kwa kidole changu, au kuna kitakachobaki kwa watu? Hii niliyonayo ilijibu vizuri. Dola arobaini na tano. Haina masikio wala ramani, na ukitaka haihitaji simu kabisa. Inakuonyesha saa, hatua na moyo, na ukiichaji inakaa zaidi ya wiki. Kioo chake ni kidogo, vaa miwani. Mkanda ni wa mpira na mwanzoni unawasha, paka poda.

Yale maandishi ya kampuni, yanayosema watafanya nini na habari zako, nilimsomea Norma kwa sauti pale pale dukani kabla ya kulipa, huku watu wakipanga foleni nyuma yetu. Yalikuwa ukurasa mmoja na tuliyaelewa. Ya saa ya Dale niliyatafuta baadaye maktaba. Ukiyachapisha yote yatawashia jiko mpaka theluji iyeyuke.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna muuzaji atakayekuambia. Iwashe kwa mkono wako. Usimpe mtu simu yako akubonyezee, hata kama umemzaa, hata kama mmezaliwa tumbo moja. Tunaziogopa kampuni, na kweli ni za kuogopwa, lakini mimi hakuna mgeni aliyenifuata makaburini. Walionifuata ni watu ninaowaombea kila usiku.

Kuhusu nyumba. Nusu ni yako, baba alitaka hivyo, na sikatai. Kama unataka iuzwe kwa sababu una shida ya pesa, sema, tutazungumza, hatujawahi kushindwana. Lakini kama ulikubali kwa ajili ya moyo wangu, basi sasa unajua Jumamosi moyo wangu unakuwa wapi. Nilikwenda kwa daktari wiki iliyopita. Nilikwenda kwa hiari yangu, na aliyoniambia nimeyaweka mwenyewe.

Ninachotaka kwako ni kimoja. Mpigie Dale umwambie kwamba umelirudisha neno lako. Mimi sitambembeleza. Nusu yangu siitoi; akikosa na yako hawezi kuuza kitu, na Januari si mbali. Nimezaliwa katika nyumba hii na sikusudii kutolewa humo kwa kosa la kuoga.

Katika kifurushi hiki utakuta soksi ya sufu niliyokufumia, na ndani ya soksi mna saa kama yangu. Usiniulize kwa nini nimekununulia, hata Norma ameniuliza nikashindwa. Uliomba ushauri wa dada, na dada niliye naye ni wewe tu. Sijaiwasha. Nailoni bado iko juu ya kioo. Ukiivaa hakuna atakayekuona, hata mimi. Nikitaka kujua moyo wako unakwendaje nitapiga simu nikuulize, na ukiniambia uko vizuri nitaamini, au nitajifanya naamini.

Nisalimie shemeji Clifford, mwambie yule samaki wa kwenye picha hatumwamini huku. Nibusie mwanao Janelle na mapacha wake. Norma anakusalimu pia, ingawa maneno aliyoyatumia hayaandikiki. Mkesha wa Krismasi nitapeleka mishumaa makaburini, kwa baba, kwa mama na kwa Arvid, na mmoja nitauwasha kwa niaba yako, kama kila mwaka. Nilifikiria kuuacha mwaka huu. Nimeshindwa. Mungu aliyetulea sote wawili chini ya paa hili akulinde, alinyooshe goti lako, na akupe usingizi.

Simu ya ukutani ipo pale pale jikoni, na namba ni ile ile ya baba. Ukitaka kujua nimelalaje, piga uniulize. Nitakuambia ukweli, au nitakudanganya, nitakavyopenda mwenyewe siku hiyo, na wewe utalazimika kusikiliza sauti yangu ili ujue ni lipi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa hasira,

Verna